Kushiriki Meza ya Bwana na watu unaoishi nao: niliyojifunza seminari

Watu wakisikia seminari, yani chuo cha kuandaa wachungaji, wanawaza vitabu, Kigiriki, Kiebrania, mitihani ya historia ya kanisa na kukesha unaandika insha, na ni kweli hayo yote yapo na yanachosha, ila mimi nikiulizwa nini kilinijenga zaidi pale nasema ni chapeli, na hasa ibada ya Meza ya Bwana, ile ya kushiriki mkate na kikombe. Na sisemi hivyo eti kwa sababu ibada zetu zilikuwa zinanoga kila siku, hapana, kuna siku zilikuwa kavu kabisa, maiki inakoroma, mpiga kinanda kaanza wimbo juu mno hadi wanaume wote wamenyamaza, nusu ya watu wana mtihani wakitoka pale na akili zao ziko huko. Nasema hivyo kwa sababu pale ndo nilijifunza kupokea. Mtu anayejiandaa kuwagawia wengine maisha yake yote anatakiwa ajue kwanza kunyoosha mikono mitupu na kupewa, na hilo halifundishwi darasani.

Seminari yetu ilikuwa ya mchanganyiko. Walutheri walikuwepo, Waanglikana, Wamethodisti, Wapresbiteri, Wabaptisti, Wapentekoste kadhaa, na kulikuwa na Wakatoliki wachache na Waorthodoksi waliokuja kusoma kozi fulani fulani. Wote chapeli moja. Sasa hebu fikiria mchanganyiko huo mnataka kusogea kwenye meza moja, wengine kwao ni kila siku, wengine mara nne kwa mwaka, wengine divai, wengine juisi ya zabibu, wengine wanapiga magoti, wengine wanapitishiwa wakiwa wamekaa, na kila mmoja anaona alivyolelewa yeye ndo ilivyo sawa.

Lakini hata kabla ya tofauti za madhehebu kuna ugumu mwingine ambao sikuutegemea kabisa, nao ni kwamba seminari kila mtu ni fundi wa ibada. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye jana yake kafundishwa kwamba sala kuu ya shukrani inakuwa na kumbukumbu ya matendo ya Mungu, inakuwa na kumwomba Roho Mtakatifu ashuke, inakuwa na maneno ya Yesu ya usiku ule aliotolewa, huyo leo anakaa kwenye benchi anakagua kama mhasibu, hiki kimesemwa, hiki kimerukwa, mbona mikono kainyanyua mapema. Wa homiletiki, yani somo la kuhubiri, naye anasikiliza mahubiri anatafuta hoja kuu iko wapi na kwa nini utangulizi umechukua muda wote ule. Mnatoka nje, kabla hata hamjafika ngazi za bwenini uchambuzi umeanza. Mtu amehubiri kwa machozi, mwenzake anamwambia mpito wako wa hoja ya pili kwenda ya tatu haukukaa vizuri.

Mwalimu wetu wa liturujia, yani taratibu za ibada, alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza kwa mtu yeyote, ni marufuku kuijadili ibada siku ileile. Ukimfuata mlangoni na swali lako zuri la kitaalamu anakwambia, "Kesho darasani, mwanangu. Leo umelishwa, nenda." Na yeye mwenyewe alikuwa anaitekeleza, maana zikifika zamu za wanafunzi kuongoza haendi kukaa mbele na daftari, anakaa huko nyuma, anaimba, muda wa kushiriki ukifika anakuja kwenye foleni kama sisi wote. Nilimwona akipiga magoti kabisa bega kwa bega na kijana ambaye wiki ileile alikuwa kamrudishia insha yake imejaa wino mwekundu, na aliyekuwa anawapa mkate siku hiyo alikuwa mchungaji kijana ambaye mwalimu huyo alimfundisha miaka ya nyuma. Pale hakuna profesa wala mwanafunzi, wote mnapewa kipande kilekile na mnaambiwa maneno yaleyale. Mimi hiyo picha imenisaidia kuliko mihadhara mingi.

Na kuna siku masomo na meza viligongana waziwazi. Asubuhi tulikuwa na somo la Matengenezo, yale ya karne ya 16 yaliyozaa makanisa ya Kiprotestanti, tukasoma jinsi viongozi wake wawili, Martin Luther wa Ujerumani na Ulrich Zwingli wa Uswisi, walivyokutana Marburg, Ujerumani, mwaka 1529. Waliandika hoja 15, katika 14 wakakubaliana, hata kwenye hiyo ya 15 inayohusu Chakula cha Bwana walikubaliana mengi, kwa mfano kwamba waumini wote wapewe mkate na kikombe, ila swali la kama mwili na damu ya kweli ya Kristo vimo kwa namna ya kimwili ndani ya mkate na divai likawashinda, wakaachana hivyohivyo. Darasa liliwaka moto, watu walibishana mpaka kengele ikalia. Kengele hiyohiyo ndo ya chapeli. Kwa hiyo ukawa unaona kwenye foleni moja mrithi wa Luther anamfuata mrithi wa Zwingli, wametoka kubishana dakika chache zilizopita na hakuna aliyeshinda, na wote wawili wananyoosha mikono. Katika bara la Ulaya iliwachukua Walutheri na Wareformu (wale wa upande wa Zwingli) hadi mwaka 1973, kwenye makubaliano ya Leuenberg, ndo makanisa yao yakakubaliana rasmi kushirikiana meza, yani zaidi ya miaka 400. Sisi tulivuka kwa kutembea kutoka darasani kwenda chapeli na sidhani kama wengi tulijua uzito wa kile tulichokuwa tunakifanya.

Nije kwenye jambo lililonigusa zaidi. Parokiani au usharikani ukikwaruzana na mtu unaweza kukaa upande mwingine wa kanisa, unashiriki, unaondoka, mnaonana tena wiki ijayo. Seminari huna pa kwenda. Mnalala chumba kimoja, mnapanga foleni bafu moja, mnakula meza moja, mnasoma maktaba moja, halafu mnakutana tena chapeli. Ugomvi wa kitu kidogo tu, nani hakurudisha kitabu cha kuazima, nani alisema nini kwenye kikao cha serikali ya wanafunzi, unaweza kukaa kwenye korido miezi na miezi. Na kila wiki mkate unamegwa mbele yenu mnaambiwa ninyi ni mwili mmoja.

Mlezi wetu wa kiroho alikuwa ametusimulia habari za Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, na ile seminari ya Finkenwalde aliyoiongoza kuanzia mwaka 1935, seminari ya kanisa lililokataa kuburuzwa na utawala wa Hitler, hadi polisi wa siri walipoifunga mwaka 1937. Pale kulikuwa na kanuni ya kutomsema ndugu ambaye hayupo, na kabla ya siku ya Chakula cha Bwana ndugu walitakiwa watafutane, waombane msamaha. Basi mlezi wetu akaanzisha kitu kama hicho kwa namna ya kwetu. Jioni ya kuamkia ibada ya Meza anafungua chapeli, hakuna programu, hakuna wimbo, hakuna wa kuongoza, taa chache tu zinawashwa na mlango unabaki wazi. Anayetaka anakuja anakaa. Anayemtafuta mtu anajua atampata wapi.

Mwanzoni walikuja wachache, na wengine walisema waziwazi kwamba toba ya kupangiwa saa haina maana. Ila nakumbuka jioni moja nilikuwa natoka nikawakuta nje ya mlango wenzetu wawili ambao kila mtu bwenini alijua hawasalimiani. Wamesimama tu, mmoja anaangalia chini. Nikapita haraka nisiwasikilize lakini sauti za usiku zinabeba, nikamsikia mmoja anasema, "Ndugu yangu, kesho sitaweza kupokea tukiwa hivi." Yule mwingine akakaa kimya muda mrefu halafu akamjibu, "Na mimi siwezi kukudanganya kwamba yameisha. Lakini tuanze." Kesho yake wote wawili walishiriki. Hawakuwa marafiki baada ya hapo, sitaki kuipamba hadithi, ila salamu ilirudi, na mwaka uliofuata niliwaona wanasomea mtihani wa Kigiriki meza moja. Lile neno "tuanze" nimelitumia mara nyingi sana nikiwa na wanandoa wanaogombana, nikiwa na wanakwaya, nikiwa na wazee wa kanisa. Watu wengi wanaogopa kusogea kwa sababu wanadhani lazima moyo uwe umesafishika wote ndo wasogee.

Hapohapo niseme na upande wa pili maana nimeona unasahauliwa. Kuna dada mmoja alikuwa ameumizwa vibaya kwa maneno na mtu mwenye nafasi kubwa kuliko yeye, na watu wema kabisa wakaanza kumwambia dada samehe, kesho ni Meza, usijizuilie baraka. Akaacha kuja chapeli. Mlezi alipojua alitukusanya, na sijawahi kumwona mkali vile. Akatufungulia Mathayo 5, pale Yesu anaposema ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka uende ukapatane naye. Akauliza, anayeambiwa aiache sadaka na kwenda ni nani? Ni yule anayelalamikiwa. Yesu hakumtuma aliyeumizwa akimbie kumtuliza aliyemuumiza. Akasema wazi kwamba dada yule anakaribishwa mezani na maumivu yake yote kama yalivyo, na kama kuna mtu wa kujiuliza maswali kabla ya kushiriki basi ni mwingine. Dada alirudi baada ya muda, alikaa karibu na mlango, akashiriki. Hili naomba kila mlezi wa seminari alishike kwa mikono miwili, kwa sababu jamii ndogo inayoishi pamoja inaweza kuligeuza neno zuri la upatanisho likawa fimbo ya kumpigia mnyonge, na inafanyika kwa lugha ya kiroho kabisa kiasi kwamba hakuna anayeshtuka.

Na Wakorintho je? Kila aliyesoma seminari amesoma 1 Wakorintho 11, wenye uwezo wanakuja mapema wanakula wanashiba, wengine wanafika wamechoka wanakuta hakuna kitu, Paulo anawaambia mkikutana mngojane. Tulikuwa tunaichambua darasani, nani alikuwa tajiri pale Korintho, nyumba zao zilikuwaje, vyumba vya kulia vilibeba watu wangapi, maswali mazuri sana. Mama mmoja aliyekuwa anasoma huku anafanya kazi na ana watoto akanyoosha mkono akasema kwa upole, "Mwalimu, sisi tunaotoka kazini tukifika chapeli huwa tunakuta vyombo vinafunikwa." Darasa likanyamaza. Alikuwa anasema kweli, ibada ilipangwa asubuhi kwa kuwafuata sisi tunaolala palepale chuoni, wanafunzi wa nje wengi hawakuwahi kufika mapema. Hatukuhitaji kitabu kingine cha tafsiri baada ya hapo. Suala likapelekwa kwenye kamati ya ibada, likazungushwa kidogo kama mambo ya kamati yalivyo, mwisho ibada ya Meza ikahamia saa sita mchana, ratiba ya vipindi ikasogezwa kuipisha. Idadi iliongezeka, watoto wakaanza kuonekana chapeli, kelele zikaongezeka pia na wapo waliolalamika, mimi nilifurahi.

Sasa suala la wasioshiriki. Kanisa Katoliki haliwaruhusu waumini wake kupokea komunyo kwenye ibada za Kiprotestanti, Waorthodoksi nao hivyohivyo, na hata baadhi ya Waprotestanti wana makanisa yanayofunga meza kwa wasio wa kwao. Kwenye jamii inayofanya kila kitu pamoja hilo linauma sana. Mnasoma pamoja, mnaomba pamoja, mmoja akifiwa mnalia pamoja, halafu inafika dakika ile wenzenu wanabaki kwenye benchi. Mwanzoni wapo waliokuwa wanawaona kama wanajitenga. Kulikuwa na mtawa mmoja Mkatoliki, hakuwahi kukosa ibada, anaimba sauti ya pili vizuri sana, muda wa kushiriki ukifika anakuja na foleni yetu amekunja mikono kifuani anainamisha kichwa anabarikiwa anarudi. Siku moja mwenzetu akamwambia, "Sista, si upokee tu, hapa hakuna anayekuona." Akamjibu taratibu, "Sitaki kupokea kwa kujificha. Naomba ije siku ambayo nitapokea na kanisa langu zima nyuma yangu." Mimi tangu siku hiyo nikaelewa kwamba anayebaki kwenye benchi naye anaabudu, na pengine anaubeba utengano wa kanisa kuliko sisi tunaosogea bila kufikiri.

Mwanafunzi mmoja Mworthodoksi naye alitueleza kwamba kwao mwisho wa liturujia kuna mkate uliobarikiwa unagawiwa watu, sio ile Ekaristi (Meza ya Bwana) yenyewe, na hata ambaye hakukomunika anaupokea, katika parokia nyingi mpaka mgeni anapewa. Wazo hilo lilitugusa. Tulilizungumza, tukaona tusiige kitu cha wenzetu kijuujuu, ila tukakubaliana kwamba baada ya ibada kila mara kuwe na chai palepale uani na kila mtu abaki, asiyeshiriki na aliyeshiriki. Linaonekana jambo dogo lakini lilibadilisha hali, watu hawakuondoka tena kwa makundi mawili. Tukajifunza pia kuchunga lugha ya matangazo. Anayeongoza akisema kwa furaha "wote njooni, hapa hakuna mipaka" anadhani anakaribisha, kumbe kwa yule ambaye dhamiri na kanisa lake vinamzuia linakuwa ni neno la kumsukuma. Ni bora kusema nani anakaribishwa kwa mujibu wa kanisa linaloongoza siku hiyo, na asiyepokea anaweza kuja kwa baraka au kubaki akiomba, basi, bila maelezo marefu.

Kwenye kurasa za mkutano wa Lima wa mwaka 1982, ule wa tume ya Imani na Utaratibu ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, makanisa yaliandika kwa pamoja kuhusu ubatizo, Ekaristi na huduma. Tulisoma pale kwamba kwa kuwa Ekaristi ni kusherehekea ufufuo, inafaa ifanyike angalau kila Jumapili. Hilo liliamsha mjadala wa mara ngapi, mjadala usioisha. Wakatoliki wakatuambia kwao seminarini ni kila siku, na sheria yao ya kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 246, inataka Ekaristi iwe kitovu cha maisha yote ya seminari. Wapresbiteri kwao ilikuwa mara chache, na ajabu ni kwamba John Calvin mwenyewe, mwanamatengenezo wa Geneva ambaye wanafuata mafundisho yake, alitamani iwe kila wiki, ila Geneva ikapangwa mara nne kwa mwaka. Sisi tulibaki na mara moja kwa wiki, katikati ya wiki, maana Jumapili wanafunzi wametawanyika kwenye sharika za mafunzo. Kwangu mara moja kwa wiki ilikuwa sahihi, ila wale wa mara nne kwa mwaka ndo walitufundisha kujiandaa, wao wiki nzima kabla wanafunga, wanalipa madeni, wanaandika barua nyumbani.

Nimalizie na sakristia, maana nikisema seminari ilinifundisha Meza namaanisha kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Kulikuwa na mzee anayekitunza, hakuwa mwalimu, hana digrii, na hakuna aliyemaliza pale bila kupita mikononi mwake. Alinionyesha kile kitambaa cheupe cha mraba kinachotandikwa chini ya sahani na kikombe, kinakunjwa sehemu tatu huku na sehemu tatu huku mpaka vinapatikana vyumba tisa, na siku zote unakunja kuelekea ndani, kwa sababu kama kuna punje ya mkate imeanguka ibaki katikati isimwagike sakafuni. Ukimaliza unakipeleka nje unakikung'uta kwenye udongo. Vya kufutia kikombe vinasuuzwa kwanza kwenye bakuli, yale maji hayamwagwi kwenye sinki, yanamwagwa ardhini, ndo baadaye vinaenda kufuliwa kwa sabuni. Kikombe kinafutwa ukingo ndani na nje na kuzungushwa kidogo kila anapokunywa mtu mmoja. Wenzangu wa makanisa yanayotumia vikombe vidogo vidogo, utaratibu uliokuja mwishoni mwa karne ya 19 watu walipoanza kuogopa vijidudu, walikuwa wanaona hizi ni taratibu nyingi mno, mzee hakubishana nao, anasema tu, "Wewe osha vya kwenu vizuri, na mimi nioshe hivi."

Ni yeye pia aliyetufundisha kuwajua watu kabla ya ibada. Nani hawezi kuonja pombe kabisa kwa sababu alipona ulevi na hatutaki tumrudishe kulekule, kwa huyo kuna kikombe cha juisi ya zabibu. Hiyo juisi yenyewe ina historia, mwaka 1869 daktari wa meno Mmethodisti huko Marekani, Thomas Welch, alipata njia ya kuichemsha isichachuke ili kanisa lake liweze kuitumia mezani badala ya divai. Nani mwili wake haupokei glutini iliyomo kwenye ngano, huyo mkate wake unawekwa kwenye sahani yake peke yake, umefunikwa, na anayegawa asiuguse akiwa ameshagusa mkate mwingine, kwa sababu hata punje inaweza kumuumiza. Na hapa mzee alitukumbusha tena tofauti zetu, kwamba kwa Wakatoliki hosti, yani ule mkate wao mwembamba wa komunyo, isiyo na glutini kabisa haikubaliki, inayokubalika ni yenye glutini kidogo sana, kwa hiyo ukihudumia watu wa makanisa mbalimbali uliza, usibuni. Nilikuwa nadhani kuandaa Meza ni kazi ya vyombo, kumbe nusu yake ni kuwafikiria watu mmojammoja kwa jina na afya yake.

Mgonjwa naye hakuachwa. Mnamo mwaka 150 hivi Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa karne ya pili, alieleza jinsi Wakristo wa wakati wake walivyokuwa wakimaliza ibada mashemasi wanawapelekea wasiokuwepo sehemu yao, na wenye uwezo wanatoa mchango kwa ajili ya yatima, wajane na wagonjwa. Tulisoma hilo, na jioni yake tukaenda bweni la wadada, mwenzetu alikuwa ametoka hospitali kufanyiwa upasuaji. Tukaondoa vitabu kwenye meza yake ya kusomea, mchungaji akatandika kitambaa, tukasoma Injili ya siku. Akasema tusome polepole dawa zinamletea usingizi. Baada ya kupokea akatuuliza nani alihubiri na alisema nini, tukamsimulia, na sehemu ya mchango wa chapeli siku hiyo ikaenda kwenye bili yake ya hospitali. Nilikaa pale nikawaza, sura nzima ya Yustino ndo hii hapa, kitandani.

Siku hizi naongoza Meza mwenyewe usharikani. Pale taratibu za kanisa letu zinaporuhusu sijichukulii mkate na kikombe, namwomba mzee wa kanisa anipe, na mimi nanyoosha mikono kama nilivyofundishwa na watu wote wale. Mara ya kwanza mama mmoja mzee wa kanisa alishtuka, akaniuliza, "Mchungaji, mimi nikupe wewe?" Nikamwambia ndiyo mama, unipe. Wiki nzima alikuwa ananipigia simu kuuliza maneno yanasemwaje na asimame upande gani, na sasa ndo yeye anayewafundisha wazee wapya wanaoingia kwenye zamu, kuanzia kukunja kitambaa.